Uvimbe shingoni mwa mtoto mchanga: picha kabla ya kisu

Mtoto wa wiki tatu akionekana na kivimbe kigumu ubavuni mwa shingo, huku kichwa kimelalia upande huohuo, wazazi hufikiria saratani. Mara nyingi kilichovimba ni msuli unaotoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga, na tatizo hili huwapata zaidi waliotanguliza makalio au waliozaliwa kwa shida. Hali hii huonekana kwa watoto wapatao 4 katika kila 1,000, na wengi hupona kabla ya kutimiza mwaka kwa mazoezi ya kunyoosha shingo. Kwa hiyo mtoto wa Bugarama, Kanda ya Ziwa ya Tanzania, mwenye uvimbe wa namna hii aanze na altrasaundi, kabla ya sindano ya kuchukua chembe na kabla ya safari ya hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza.

Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti: haina mionzi, na mtoto hupimwa akiwa amepakatwa, bila dawa ya usingizi. Mpimaji hupaka jeli, huchunguza upande uliovimba, kisha ule mzima ili alinganishe. Msuli wenye tatizo hili hufanana na kiazi kitamu, mnene katikati na mwembamba ncha zote mbili. Uvimbe husogea pamoja nao wala hauvuki mipaka yake. Uvimbe wa aina nyingine huonekana tofauti: vifuko vya limfu huwa vyeusi, vimegawanywa na kuta nyembamba. Uvimbe wa mishipa ya damu huonyesha damu ikipita kwa wingi.

Wapo wanaosema uhakika hupatikana kwa kukata kinyama na kukipima kwa hadubini. Ni kweli, lakini kinachotangulia kuulizwa ni kama kuna haja ya kukata. Picha ikilingana na umri wa mtoto na jinsi alivyozaliwa, kisu hakiongezi ila kidonda. Pingamizi zito zaidi linahusu vifaa: mashine iliyonunuliwa kwa ajili ya wajawazito mara nyingi huja na kifaa kilichopinda cha kuona ndani ya tumbo, ilhali shingo ya mtoto hutaka kifaa bapa cha mawimbi ya masafa ya juu. Kituo kisicho nacho kisibahatishe. Kimwandikie rufaa kwenda hospitali ya karibu iliyo nacho, na cheti kitaje umri, upande wenye uvimbe na namna ya kujifungua. Uvimbe ukivuka mipaka ya msuli, ukiendelea kukua miezi inavyopita, au mtoto akipumua au kunyonya kwa shida, asisubirishwe: hapo Bugando ndiyo mahali pake, na kinyama kipimwe.