Kabla ya kutuma pesa za pistoni

Trekta yetu ya shamba, Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins ya silinda tatu, imefunguliwa. Fundi yuko Muheza. Mpwa wangu, ndiye mlipaji, yuko Maskati. Juzi kaniuliza: "Mjomba, pistoni mpya si zinatosha?"

Hazitoshi. Kwanza ijulikane nafasi baina ya pistoni na ukuta wa silinda. Alumini ya pistoni hutanuka kwa joto karibu maradufu ya chuma cha silinda. Nafasi ikiwa ndogo, pistoni itanata na kukwaruza ukuta, pesa zishakwenda. Ikizidi, itagonga kila asubuhi na mafuta yataungua.

Fundi ashike maikromita. Pistoni aipime chini kwenye sketi, kwa kukingamana na pini, maana si duara kamili. Silinda aipime juu, katikati na chini, kila mahali mara mbili kwa msalaba. Juu, ringi zinapogeukia, ndiko kunakolika zaidi. Na vyote vilale kivulini kwanza, chuma cha jua hudanganya.

Wengine huisukuma kwa kidole, ati "iko sawa"! Hapo mimi sitoi hata senti.

Mpwa kataka namba 21: sita za kila silinda, moja ya kila pistoni. Mpaka jana usiku zimefika 14. Pesa bado ziko Maskati.