Kwa Nini Alama ya Mkopaji Hushuka

Alama ya mkopaji ni namba ambayo mkopeshaji huitazama kabla ya kuamua kama atamkopesha mtu, kwa kiasi gani na kwa riba ipi, na nchini Marekani inayotumiwa zaidi ni ile ya kampuni ya FICO, ambayo huanzia 300 na kuishia 850. Kampuni hiyo iliasisiwa mwaka 1956 na mhandisi Bill Fair pamoja na mwanahisabati Earl Isaac, ingawa alama ya jumla inayojulikana leo ilianza kutumika mwaka 1989. Wengi huichukulia kuwa cheti cha uaminifu, na ndiyo maana huumia inaposhuka ilhali hawajamdhulumu mtu. Lakini namba hiyo iliundwa kujibu swali moja, nalo ni kwamba miongoni mwa watu wenye kumbukumbu za mikopo zinazofanana na za mhusika, ni wangapi watakaochelewesha rejesho kwa siku 90 au zaidi katika miezi 24 ijayo. Kila kinachoishusha alama, kiwe cha haki machoni pa mwenyewe au kisiwe, hupitia katika swali hilo.

Hesabu hiyo hutegemea taarifa ambazo benki na wakopeshaji wengine huzipeleka, kwa kawaida kila mwezi, kwa kampuni tatu kubwa zinazotunza kumbukumbu za wakopaji, yaani Equifax, Experian na TransUnion. Mshahara haumo katika hesabu, wala rangi, dini, jinsia au hali ya ndoa, kwa hiyo mtu anayeachishwa kazi leo hatapoteza hata pointi moja kwa sababu ya kuachishwa kwenyewe. Atazipoteza baadaye, iwapo ukata utamfanya akose rejesho au ajaze kadi zake.

Historia ya malipo ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko yote, takriban asilimia 35 ya alama. Anayechelewa siku chache hutozwa faini na mkopeshaji wake, lakini kwa kawaida ucheleweshaji hauingizwi katika kumbukumbu mpaka utimize siku 30, na ukishaingia unaweza kukaa humo miaka saba, huku makali yake yakipungua kadiri muda unavyopita. Linalowashangaza wengi ni kwamba pigo huwa zito zaidi kwa aliyekuwa na alama nzuri: kwa mujibu wa mifano ambayo FICO yenyewe iliwahi kuichapisha, ucheleweshaji mmoja wa siku 30 ungeweza kumpunguzia mwenye pointi 680 kati ya 60 na 80, ilhali mwenye 780 angepoteza kati ya 90 na 110. Kitakwimu hakuna ajabu hapo, kwa kuwa alama ya chini tayari imebeba dalili za matatizo, na tukio jipya huongeza habari kidogo tu, wakati kwa mtu ambaye kumbukumbu zake hazikuwa na doa tukio hilohilo linabadilisha makadirio yote juu yake.

Kiasi kinachodaiwa hufuata kwa asilimia 30, na hapa ndipo watu waangalifu hunaswa bila kujua. Tuseme mtu ana kadi ya mkopo yenye kikomo cha dola 5,000, akanunulia tiketi za ndege na kulipia ada kwa dola 4,000, kisha akalipa zote kabla ya tarehe ya mwisho, bila kudaiwa riba hata senti moja. Benki nyingi hupeleka salio lililokuwapo siku taarifa ya mwezi ilipofungwa, siku ambayo kwa kawaida hutangulia tarehe ya mwisho ya kulipa kwa wiki tatu hivi, na kwa hiyo kumbukumbu zitaonyesha kwamba ametumia asilimia 80 ya kikomo chake. Uwiano huo huweza kupanda hata pasipo kununua chochote: mwenye kadi mbili za kikomo cha dola 5,000 kila moja, anayedaiwa dola 2,000 katika mojawapo, yuko kwenye asilimia 20, lakini akiifunga ile isiyo na deni kwa nia njema ya kujizuia na matumizi, anajikuta kwenye asilimia 40. Nafuu ni kwamba matoleo mengi ya FICO hutazama salio la sasa pekee, na deni likipungua pointi hurudi mara taarifa mpya zinapopokelewa.

Maombi ya mikopo mipya hushusha alama kidogo, mara nyingi kwa pointi zisizofika tano kwa kila ombi, na mtu anayeangalia alama yake mwenyewe hapotezi kitu. Kinachokera zaidi ni kumaliza mkopo wa gari kisha kuona alama imeshuka, jambo linalotokea hasa kama huo ndio uliokuwa mkopo pekee wa mafungu uliobaki wazi. Kumwona mtu akipungukiwa pointi kwa kutimiza ahadi yake kunasikitisha, na ni haki kusema kwamba hapo hesabu inafuata mwenendo wa kundi na kumsahau mtu mmoja.

Mgeni aliyehamia Marekani kutoka Nairobi au Dar es Salaam huathirika kwa namna yake, kwa sababu kwa kawaida kumbukumbu zake za nyumbani, hata kama alama yake kutoka kampuni ya Metropol, alama ambayo nchini Kenya huanzia 200 hadi 900, ilikuwa ya kupendeza, hazitumiki huko. FICO huhitaji angalau akaunti moja yenye umri wa miezi sita ndipo impe mtu alama, na kwa kuwa kumbukumbu za mwanzo ni chache, kosa moja au kadi moja mpya huzitikisa kuliko ambavyo ingeitikisa historia ya miaka ishirini.

Wakati mwingine alama hushushwa na taarifa zisizo za kweli. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2012 na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ulibaini kwamba mtumiaji mmoja kati ya watano alikuwa na kosa katika angalau ripoti moja kati ya tatu zake. Sheria ya mwaka 1970 inampa mhusika haki ya kupinga taarifa hiyo, na kampuni husika kwa kawaida ina siku 30 za kuichunguza. Pale ambapo alama imechangia kunyimwa mkopo, mkopeshaji hulazimika kumwonyesha mwombaji alama iliyotumika pamoja na sababu kuu zilizoipunguza, kwa kawaida hadi nne.