Mtoto Asiyetulia: Tuulize Kwanza, Ilianza Lini?



Wazazi wa Masisi na Walikale wanatuletea vijana wao na neno moja: "Mchungaji, huyu ana pepo." Ametumwa maji, amerudi bila bidoni. Darasani hatulii, daftari halimalizi. Na sisi wachungaji tumekuwa wepesi kuamuru mafungo. Kijana mmoja wa miaka 14 tulimwambia afunge siku tatu. Siku ya pili akatoroka. Mama yake alimtafuta wiki mbili, na kila mtu hapa anajua ni nani walioko msituni wanaopokea watoto wa namna hiyo. Alirudi, Mungu ashukuriwe. Hatujasahau.

Tangu hapo tunauliza kwanza: ilianza lini?

Kuna mtoto ambaye tangu udogo, kabla ya miaka 12, akili yake haishiki jambo moja, au mwili wake haukai. Anaonekana hivyo kila mahali: nyumbani, masomoni, hata ibadani. Madaktari wanaujua ugonjwa huo. Kwa wasichana mara nyingi hauna kelele. Binti anakaa kimya, mawazo yako mbali, nasi tunamwita mvivu. Fimbo haiuponyi. Mpeni kazi moja moja, mwangalieni usoni mkisema naye, arudie alichosikia. Mwalimu amketishe mbele. Akimaliza, asifiwe.

Mwingine alikuwa mtulivu mpaka vita ilipofika. Alikimbia kijiji usiku, akalala Sake au kambini kando ya Goma, akaona mambo ambayo hata mtu mzima hayabebi. Sasa mlango ukigongwa anaruka, usiku analia, darasani hasikii. Hiki ni kidonda cha hofu, na njaa inakiongezea. Someni 1 Wafalme 19: Eliya alipokimbia, alilala na kulishwa mara mbili kabla Bwana hajasema naye mlimani.

Tena kuna kifafa kisicho na kuanguka: mtoto anaganda macho kwa muda mfupi, halafu anaendelea kama kawaida. Malaria iliyopanda kichwani nayo inaweza kuacha alama. Kwa hiyo mpelekeni kituo cha afya. Goma iko Tulizo Letu, hospitali ya magonjwa ya akili, barabara ikiruhusu.

Maombi yanaendelea. Mkimleta, awe amekula.