Nani Aliyemuua Mwalimu Goso?

Imekuwa desturi katika kisiwa chetu cha Pemba kwamba haufanywi mkutano wa hadhara, wala halifunguliwi jengo, bila ya kuitwa kwanza kikundi cha ngoma, cha utenzi au cha hadithi. Wanakikundi huja mapema, huketi juani, hutumbuiza mpaka uwanja ukajaa, kisha hushukuriwa kwa maneno mawili na kuondoshwa jukwaani ili waheshimiwa wapate nafasi ya kusema. Sisi tulio watumishi wa chama tumewatumia wananchi hao namna hiyo kwa miaka mingi, wala hatukuona kosa. Leo tunaandika kwa sababu tumefundishwa kwamba kosa lipo, na aliyetufundisha ni bibi mmoja ambaye hakupata kuketi darasani hata siku moja.

Katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Wete kipo kikundi cha hadithi kisicho na bendera wala sare. Kilianzishwa na kinamama watano, na asili yake ni karafuu. Kila mwenyeji wa kisiwa hiki anaelewa kwamba karafuu ikishachumwa mchana haiwezi kungoja. Jioni hiyo hiyo hukusanywa ukumbini, wakubwa kwa wadogo wakaizunguka, wakaichambua, karafuu upande huu na makonyo upande ule, ili asubuhi iwahi kuanikwa juu ya majamvi. Kazi hiyo hushika vidole na kuacha masikio na ulimi huru. Ndipo bibi mmoja alipokuwa akitoa sauti, "Paukwa!", na watoto waliokwisha kuanza kusinzia wakaitikia, "Pakawa!", na mikono ikaendelea kwenda mpaka pishi ya mwisho. Watoto wengi wa Pemba walijifunza kusema, kuhesabu na kustahamili usingizi mbele ya fungu la karafuu.

Msimu ulipokwisha, kinamama hao watano waliona uchungu kuachana. Wakakubaliana kukutana kila usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya sala ya Isha, katika ukumbi wa tawi. Watoto waliotoka chuoni wakawafuata, kisha wazazi wa watoto, kisha vijana waliokuwa wakipita njia. Kidogo kidogo baraza hilo likawa na kazi nyingine. Kila anayehudhuria hutoa alichonacho, na fedha hizo huwekwa kwa ajili ya mgonjwa au mfiwa. Mjane akifikiwa na barua asiyoweza kuisoma, huisomewa pale. Mwalimu mmoja kijana wa skuli ya msingi huja na daftari, akaandika kila hadithi kama inavyosemwa, kwa Kipemba chake, bila ya kuisahihisha. Majirani waliogombana huwekwa mkeka mmoja, na si mara moja hadithi imewafanya wacheke pamoja kabla ya mtu yeyote kuwataka wapatane.

Wapo waungwana wanaosema kuwa hayo ni porojo, na kwamba mtoto wa Kiislamu angelikuwa bora alale mapema aamke kusoma. Sisi tuliosoma chuoni tunawajibu kwa heshima. Mwalimu wetu alikuwa mkali wa bakora, lakini tulipokwisha kumsomea alitusimulia visa vya Mitume, nasi tuliokuwa tukisubiri kwa hamu kwenda kucheza tulisahau mchezo. Sura ya Yusuf imejitambulisha yenyewe kuwa ni kisa kilicho bora kabisa. Dini iliyomfundisha mwanadamu kwa visa haiwezi kuwa adui wa msimulizi.

Sasa tuingie katika lile lililotupata. Wakati mmoja tulifika kijijini hapo na ujumbe wa usafi na kinga ya kipindupindu. Tulimwendea yule bibi, mkubwa wa wenziwe, tukamwamkia, tukamweleza kwamba tungependa aingize ujumbe wetu ndani ya hadithi yake: maji yachemshwe, mikono ioshwe, vyoo vichimbwe. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatujibu kwa upole, "Mwanangu, hadithi haitumwi dukani."

Tulidhani amekataa. Usiku ule tuliketi mbele, juu ya viti, na wananchi wakaketi nyuma yetu juu ya mikeka. Bibi akatutaka radhi, akasema kwamba katika baraza lake hakuna viti. Tukateremka. Akatoa paukwa yake, ikaitikiwa, akaanza hadithi ya Goso.

Hadithi hii ni ya kale katika visiwa vyetu. Imo katika mkusanyo wa hadithi za Zanzibar uliotolewa na George W. Bateman huko Chicago mwaka 1901. Goso alikuwa mwalimu aliyewafundisha watoto chini ya mbuyu. Siku moja paa aliingia mtini kuiba matunda; buyu likaanguka, likampiga mwalimu kichwani, akafa. Wanafunzi wakamzika, kisha wakaazimia kumtafuta aliyemuua. Wakamshika Kusi, kwa kuwa ndiye upepo uangushao matunda. Kusi akawauliza: lau angelikuwa na nguvu hizo, angezuiwa na kiambaza? Wakamwendea kiambaza, naye akauliza, lau angelikuwa na nguvu, angetobolewa na panya? Panya akamtaja paka, paka akaitaja kamba imfungayo, kamba ikakitaja kisu, kisu kikautaja moto, moto ukayataja maji, maji yakamtaja ng'ombe ayanywaye, ng'ombe akamtaja inzi amsumbuaye, na inzi akamtaja paa. Paa alipoulizwa hakuwa na wa kumtaja. Alinyamaza kimya.

Tuliwahi kuisikia hadithi hiyo utotoni, na tulikuwa tukitabasamu kwa kuikumbuka. Watoto walikuwa wakipiga makofi kila mshitakiwa alipomsukumia mwenziwe. Ilipofika kwa paa, bibi naye akanyamaza, na ukumbi mzima ukanyamaza pamoja naye. Hapo mtoto mmoja, kwa kimo hajafika miaka minane, akauliza kwa sauti ya wazi, "Bibi, na bomba letu, paa wake ni nani?"

Watu walicheka. Sisi hatukuweza kucheka, na tutaeleza kwa nini.

Bomba la maji la kijiji hicho lilikuwa limekauka kwa muda wa miezi mitatu. Wanawake walikuwa wakiteka katika kisima cha zamani, chenye maji ya chumvi na yasiyo salama, na sisi tulikuja kuwaambia wachemshe maji. Walikuwa wameuliza kila mahali. Waliambiwa kwamba kijijini hapana uwezo, kazi ni ya wilaya. Wilayani wakaambiwa kazi ni ya fundi. Fundi akasema amekosa kipuri. Bohari wakasema kipuri kipo, bali hakitoki bila ya barua. Walipouliza barua iko wapi, wakaambiwa imekwisha kuandikwa na kutiwa saini, imepewa mtu aipeleke. Mtu huyo ni sisi. Barua ilikuwa katika jalada letu, chini ya karatasi za mikutano, kwa wiki saba.

Hatukutia nia mbaya. Tulikuwa na safari, tukawa na semina, tukawa na ugeni mkubwa, na kila tulipolifungua jalada tulitafuta kilicho cha haraka zaidi. Lakini paa naye hakukusudia kumuua Goso. Alitaka buyu tu. Hiyo ndiyo elimu iliyomo ndani ya hadithi hiyo, na tumeipata tukiwa watu wazima wenye ndevu, juu ya mkeka, mbele ya watoto. Madhara makubwa katika utumishi wa umma mara nyingi hayaletwi na mwenye nguvu wala mwenye chuki. Huletwa na mtu mmoja aliyejificha mwisho wa mnyororo, anayeshughulika na jambo lake, naye hajui ya kuwa mnyororo unaishia kwake.

Asubuhi yake barua ilifika bohari. Maji yalitoka kabla ya wiki kumalizika. Wananchi walitushukuru, na shukurani zile zilituuma kuliko lawama. Bibi hakutaja jambo hilo tena. Tulipokwenda kumtaka radhi alituuliza tu kama tumeikumbuka hadithi yote, na kama tunaweza kuisimulia bila ya kumsahau inzi.

Sasa tunauliza: ni ripoti gani, ni kamati gani, ingeliweza kufanya kazi ile kwa usiku mmoja, bila ya mtu kutukanwa na bila ya mtu kuogopa? Na kama tungelifaulu kumtuma bibi dukani, akatusimulia habari za kunawa mikono kama tulivyomwagiza, si tungerudi zetu tukiwa tumeridhika, na barua ikiwa pale pale?

Hatusemi kwamba nchi yetu haikuthamini hadithi. Askofu Edward Steere alizikusanya kutoka kwa wasimulizi wa Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870. Ndani ya kitabu chake kimo kisa cha punda wa dobi, na kile cha kima na papa kilichomo ndani yake, ambacho asili yake ni Bara Hindi na kilienea katika Uarabuni kwa njia ya Kalila na Dimna. Hayo peke yake yatosha kutuonyesha kwamba majahazi ya pepo za Kusi na Kaskazi hayakuleta tende na vyungu tu. Katika miaka ya 1980 Zanzibar ilikuwa makao ya EACROTANAL, kituo cha kanda cha utafiti wa mapokeo ya simulizi na lugha za Afrika. Mwaka 2011 Tanzania iliridhia Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kuhifadhi urithi wa utamaduni usioshikika, na simulizi zimo katika urithi huo. Lakini kuhifadhi hadithi ni jambo moja, na kuhifadhi baraza la hadithi ni jambo jingine. Kitabu cha Bateman kinayo hadithi ya Goso tangu mwaka 1901. Hakikuuliza habari za bomba letu. Aliyeuliza ni mtoto aliyeketi juu ya mkeka, mwenye ruhusa ya kumkatiza mkubwa.

Wala tusitafute wa kumsingizia. Wengi husema kwamba umeme na televisheni ndivyo vilivyoua hadithi. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2010, ulipotufikia umeme kutoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, usiku wa Pemba haukuwa tena ule wa zamani. Lakini kikundi tunachokisema kilikuwa kikijaza ukumbi wakati nyumba za jirani zina televisheni na vijana wana simu mikononi. Hakikuondolewa ukumbini na televisheni. Kiliondolewa na sisi. Ukumbi wa tawi umekodishwa kwa mfanyabiashara, naye ameufanya ghala la saruji, na katika kikao kilichopitisha uamuzi huo nasi tuliinua mkono. Tawi lilikuwa na haja ya fedha, na hakuna aliyekumbuka kuuliza usiku wa kuamkia Ijumaa ukumbi ule una nani.

Hivi sasa baraza hukutana chini ya mwembe. Mvua za masika zikianza, hutawanyika, na hukaa wiki nyingi bila ya kukutana. Katika kinamama watano walioanza, watatu wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Daftari za yule mwalimu zimefika nne, na karatasi zake zimekwisha kushika ukungu.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu, kwanza kwetu sisi wenyewe, kisha kwa viongozi wa ngazi zote.

La kwanza, tawi liangalie upya mkataba wa ukumbi ule, na kabla ya kumalizika, mfanyabiashara aombwe kuacha sehemu wazi usiku mmoja kwa wiki. Usiku mmoja hautamfilisi. Popote penye ukumbi wa umma kisiwani, kabla ya kuukodisha, waulizwe wananchi wanaoutumia, hata wale wasio na cheti cha usajili.

La pili, daftari za hadithi zinakiliwe, nakala moja ibaki skuli na nyingine ipelekwe Nyaraka za Taifa, zikiwa katika lahaja ile ile zilivyosimuliwa, pamoja na majina ya wasimulizi iwapo wenyewe wataridhia. Lahaja ya mtu haistahiki kusahihishwa kama kosa la imla.

La tatu, na hili ndilo zito, tuache kuwaita wasimulizi kuja kutukusanyia watu. Kiongozi anayetaka kusikia hadithi na aende barazani, avue viatu, aketi chini, na angoje mpaka mwisho. Akiulizwa swali na mtoto, asilicheke wala asiseme kuwa jambo hilo ni la idara nyingine. Afungue kwanza jalada lake.

Wazee wetu walipomaliza hadithi walikuwa na desturi ya kusema kwamba ikiwa njema ni ya wote, na ikiwa mbaya ni ya msimulizi peke yake. Nasi tunamaliza kwa kuifuata desturi hiyo. Liliopo jema katika haya ni la kinamama wale watano, walio hai na waliotangulia. Na barua iliyokaa wiki saba ni yetu.