Kujitolea Si Kazi ya Ovyo

Mtu asimamaye asubuhi kwenye mwalo wa Mwigobero, mjini Musoma, huona jambo ambalo aghalabu hulipita bila ya kulitafakari. Mtumbwi mmoja unapokokotwa kupandishwa ufukweni, huja mikono mingi: wenye mtumbwi, majirani zao, hata msafiri aliyekuwa akingoja boti ya kwenda Kinesi. Hakuna aulizaye ujira. Lakini yupo mmoja anayetoa sauti ili wote wavute kwa pamoja, na anayelegea hubainika papo hapo, kwa kuwa mtumbwi hauendi.

Tunautaja mfano huo kwa sababu imeenea dhana potofu kwamba kazi isiyo na malipo haina kipimo. Mtu akikosolewa kwa kuifanya vibaya, hujibu kwa hasira: "Mimi nimejitolea tu." Ndugu msomaji, jibu hilo lina hatari kubwa. Na tuwatazame watu waliojitolea mahali ambapo uzembe wa mmoja ungeweza kumwua mwingine.

Tarehe 15 Oktoba, 1997, katika jangwa la Black Rock, jimbo la Nevada, nchini Marekani, Andy Green, rubani wa Jeshi la Anga la Uingereza, aliendesha gari liitwalo Thrust SSC kwa wastani wa kilometa 1,227.985 kwa saa. Mwendo huo ni zaidi ya kilometa 20 kwa kila dakika. Ni mwendo unaoupita ule wa sauti. Gari hilo, lenye uzito wa tani zipatazo 10, lilisukumwa na injini mbili za ndege ya kivita, na magurudumu yake yalikuwa ya aluminiamu tupu, kwani mpira usingeustahimili mwendo huo. Rekodi hiyo ya nchi kavu haijavunjwa hadi leo.

Dunia ilimsifu dereva, na ilistahili. Ilimsifu pia kiongozi wa kundi, Richard Noble, ambaye mwenyewe alikuwa ameweka rekodi katika jangwa hilo hilo mwaka 1983, na Ron Ayers aliyebuni umbo la gari. Lakini nyuma yao walikuwapo watu wengi waliojitolea. Fedha zilipopungua, wapenzi wa mradi walichangia gharama za mafuta ya ndege kubwa ya mizigo iliyolibeba gari kutoka Uingereza. Na huko jangwani, watu wa kujitolea walijipanga safu, wakatembea juu ya njia ya gari huku wameinamisha vichwa, wakiokota kila kijiwe na kila takataka. Kwa mwendo ule, kijiwe si kijiwe tena, ni risasi. Aliyefumba jicho kwa uchovu angekuwa ameiweka roho ya mwenziwe rehani.

Yafaa pia tukumbuke yaliyotokea siku mbili kabla. Sheria inataka gari lipite kwenye kipimo mara mbili, kwenda na kurudi, katika muda wa saa moja. Tarehe 13 Oktoba gari lilipita mwendo wa sauti mara zote mbili, lakini muda ukazidi kwa kiasi cha dakika moja. Rekodi haikutambuliwa. Saa haikuwahurumia ati kwa sababu wengi wao hawakuwa na mshahara. Walirudi kazini, na tarehe 15 wakafaulu.

Bara letu nalo lina sehemu katika habari hii. Kwa ajili ya gari jingine la Waingereza, Bloodhound, njia ilitayarishwa katika uwanda mkavu wa Hakskeen, jimbo la Rasi ya Kaskazini, Afrika Kusini. Watu 317 wa jamii ya Mier waliondoa kwa mikono tani 16,500 za mawe katika eneo la meta za mraba milioni 22. Hawa hawakujitolea; serikali ya jimbo iliwalipa, na ilikuwa haki. Kuita wenye shida wafanye kazi ya miezi mingi bila ya ujira, kisha kuiita kujitolea, ni dhuluma. Mwezi Novemba 2019 gari hilo lilifika kilometa 1,010 kwa saa katika majaribio. Rekodi haikuvunjwa, kwani fedha za hatua iliyofuata zilikosekana. Lakini njia ilikuwa tayari, na wale 317 walikuwa wamekwisha kutimiza wajibu wao.

Turejee nyumbani. Sisi hatuna gari la kushindana na sauti, wala hatulihitaji. Tunayo madarasa yanayojengwa kwa nguvu za wananchi, mitaro inayozibuliwa, na fukwe zinazosafishwa. Mara ngapi tumeona watu wakikusanyika, mgeni rasmi akishika fagio mbele ya kamera, na baada ya nusu saa wote wakatawanyika huku taka zimerundikwa pale pale zitakaporudishwa ziwani na mvua? Mara ngapi mchanga umezidi saruji, na fundi akanyamaza kwa kuwa tofali limetolewa bure? Mtoto atakayeketi chini ya ukuta huo hatauliza kama mjenzi alilipwa.

Kujitolea ni amana. Mtu ana hiari ya kuikubali kazi au kuikataa. Akishaikubali, hana hiari ya kuiharibu. Hapana budi, basi, kila kazi ya kujitolea iwe na msimamizi, iwe na kipimo, na ikaguliwe kabla watu hawajaagana. Na anayekosolewa asione ametukanwa, bali ajue kuwa kazi yake imethaminiwa.

Wavutaji wa mitumbwi pale Mwigobero wanalijua jambo hilo bila ya kuhutubiwa. Tuliosalia tujifunze kwao.