Pikipiki Ndogo ya Mzee Aliyestaafu

Wengi wenu mmekwisha kuona pikipiki, maana siku hizi hazikosekani hata katika vijiji vya mbali. Lakini iko pikipiki ya namna nyingine, iliyo ndogo hata mtu mzima akiikalia magoti yake hukaribia kugusa mikono yake. Magurudumu yake ni madogo kama sinia, na mtu mwenye nguvu aweza kuiinua peke yake na kuipakia garini. Asiyeijua hudhani ni chombo cha kuchezea watoto. Katika habari hii tutaeleza chombo hicho kilitoka wapi, na jinsi wazee wa Uingereza waliokwisha kuacha kazi zao wanavyozitwaa zile kuukuu, zilizoliwa na kutu, wakazitengeneza hata zikaenda tena.

Asili yake ni vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa na askari walioshuka toka angani kwa miavuli. Mara nyingi askari hao walifika chini mbali na mahali walipotakiwa, wala hawakuwa na kitu cha kupanda. Basi katika nyumba moja karibu na mji wa Welwyn, kaskazini ya London, mafundi wakabuni pikipiki iliyoweza kukunjwa. Usukani ulilazwa, kiti kikashushwa, na chombo chote kikaingia katika pipa lenye urefu upatao sentimita 130, likatupwa kwa mwavuli pamoja na askari. Pikipiki hiyo iliitwa Welbike. Kuanzia mwaka 1942, kiwanda cha Excelsior katika mji wa Birmingham kiliunda zaidi ya 3,600. Uzito wake ulikuwa kama kilo 32 tu, na mwendo wake ulipata kilomita 48 kwa saa. Ilikuwa na breki moja, ya gurudumu la nyuma, wala haikuwa na kifaa cha kuiwashia: ilimpasa askari aisukume kwa mbio, kisha airukie. Kusema kweli, vitani haikufaa sana, kwa kuwa nguvu zake zilikuwa chache na magurudumu yake madogo yalishindwa na njia mbovu.

Vita ilipokwisha, petroli ilikuwa haba katika Uingereza, ikagawiwa watu kwa kipimo. Watu walihitaji chombo kinachokunywa kidogo. Ndipo pikipiki ile ya askari ilipogeuzwa kuwa ya raia, ikapewa jina la Corgi, ambalo ni jina la mbwa mwenye miguu mifupi. Ziliundwa katika mji wa Southport toka mwaka 1947 hata mwaka 1954, nazo zilipata kama 27,000. Baadaye nchi nyingine nazo zikaunda pikipiki ndogo za namna zao. Katika Japani, kampuni ya Honda iliunda moja mwaka 1961 kwa ajili ya bustani ya michezo karibu na Tokyo. Katika Marekani, katika miaka ile ile ya 1960, watu walitwaa injini za mashine za kukatia majani, wakazifunga katika fremu fupi zenye magurudumu mawili.

Miaka ikapita. Magari yakawa mengi, na pikipiki ndogo zikatupwa nyuma ya vibanda na katika maghala ya mashamba. Mvua ikazinyeshea, panya wakafanya viota katika viti vyake. Humo ndimo wazee wanamozikuta.

Tuseme yuko mzee mmoja aliyefanya kazi kiwandani miaka 40. Siku moja wenzake humwandalia chai, humpa mkono, naye hurudi nyumbani. Kesho yake huamka saa ile ile aliyozoea kuamka, lakini hakuna kengele inayomwita. Mikono yake ingali na nguvu na ujuzi, ila haina kazi. Wiki ya kwanza hufurahi. Mwezi wa tatu huanza kukaa dirishani. Mtu aliyezoea kutakiwa huumia akiona hatakiwi tena. Mzee wa namna hiyo akipata Corgi iliyooza, hupata tena sababu ya kuamka. Jirani zake hucheka, wakisema amenunua vyuma chakavu. Yeye huifunika kwa turubai, akachukua daftari na kalamu.

Hapa ndipo jaribu kubwa la kazi hii linapokuja, nalo ni kopo la rangi. Mtu mwenye haraka hupiga msasa kidogo, hupaka rangi, na kwa siku mbili chombo hung'aa. Lakini rangi haiondoi ugonjwa, huuficha tu.

Mimi mwenyewe nalijifunza jambo hili kwa hasara. Nilipoanza kazi ya ualimu nalinunua baisikeli kuukuu. Fremu yake ilikuwa na ufa mwembamba karibu na shingo ya usukani. Sikuuona, au tuseme sikutaka kuuona, kwa kuwa nalitamani kuonekana na watu nikiipanda. Nikanunua kopo la rangi nyeusi, nikaipaka mara mbili. Jumamosi ya tatu, nikiteremka mlima wa kwenda sokoni huku mtoto wa dada yangu amekaa nyuma, shingo ikakatika. Mimi nalichubuka mikono. Yeye alivunjika mkono, nao haunyooki sawasawa hata leo. Kila tukutanapo huniambia, "Shikamoo, mjomba," kwa upendo kama zamani, wala hajanilaumu hata mara moja. Lakini macho yangu huuangalia mkono ule kwanza, kabla ya uso wake.

Basi mzee mwenye busara huacha rangi iwe ya mwisho. Kazi yake ya kwanza ni kutazama. Huipiga picha pikipiki pande zote kabla ya kufungua hata skrubu moja, na huandika katika daftari kila uzi wa chuma unapita wapi. Halafu huifungua pole pole. Nati na bolti za gurudumu la mbele hutiwa katika kopo moja, za injini katika kopo jingine, na kila kopo hubandikwa karatasi yenye jina. Jambo hili laonekana dogo. Lakini kazi yenyewe yaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi, na akili ya mtu haikumbuki skrubu kwa mwaka mzima. Karatasi hukumbuka.

Kisha huja injini. Ndani ya injini mna silinda, yaani mwanzi mnene wa chuma, na ndani yake pistoni hupanda na kushuka. Pistoni ikipanda hubana petroli iliyochanganyika na hewa. Plagi hutoa cheche. Mchanganyiko huwaka ghafula, nao huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Nguvu hiyo huzungusha mhimili, na mnyororo huipeleka kwenye gurudumu la nyuma. Katika injini ndogo za namna hii moto huwaka kila pistoni inapopanda, wala hakuna mahali pa peke yake pa kuwekea oili. Kwa hiyo oili huchanganywa na petroli ndani ya tanki, kwa kadiri waliyoiandika waliounda injini. Mtu akitia petroli tupu, chuma husuguana na chuma, joto huzidi, na pistoni hushikamana na silinda.

Injini iliyokaa miaka 50 bila kuzunguka mara nyingi imekwisha kushikamana hivyo hivyo, kwa kutu. Asiye na subira huipiga nyundo, akaivunja pistoni ambayo hapati nyingine kwa urahisi. Mwenye subira hufungua plagi, hutia oili nyepesi katika tundu lake, akangoja. Kesho yake hujaribu kuuzungusha mhimili kwa mkono, polepole. Usipozunguka, hutia oili tena. Yaweza kuwa siku tatu, yaweza kuwa wiki tatu. Siku moja hugeuka kidogo, kiasi cha upana wa ukucha, na mzee huita mke wake aje aone. Baada ya hapo huitoa pistoni na kupima silinda. Ikiwa imelika sana, fundi mwenye mashine huipanua kidogo, na pistoni kubwa kidogo hutiwa mahali pa ile ya kwanza.

Cheche nayo ina habari yake. Katika gurudumu zito la injini mna sumaku. Gurudumu likizunguka, sumaku hupita karibu na waya nyembamba zilizozungushwa mara nyingi sana, na umeme huzaliwa. Vipande viwili vidogo vya chuma hugusana na kuachana, na kuachana kwao ndiko kunakoleta cheche kwenye plagi kwa wakati wake. Vipande hivyo vikishika uchafu, hakuna cheche. Mzee huvisafisha, kisha hupima nafasi iliyo kati yao kwa ubapa wa chuma mwembamba kuliko ukucha. Tena kuna kabureta, mahali petroli inapokutana na hewa. Petroli iliyoachwa miaka mingi hukauka ikawa kama gundi, ikaziba tundu lililo dogo kama tundu la sindano. Injini nyingi zilizosemwa kwamba zimekufa zilikuwa zimezibwa tundu hilo tu.

Sasa imebaki fremu, magurudumu na breki, na hapo mzee hatakiwi kujidanganya hata kidogo. Husugua fremu yote hata chuma kitupu kionekane, akatafuta nyufa penye maungio. Palipo na ufa, humpelekea fundi wa kuunga chuma. Matairi yaliyokauka na kupasuka hutupwa, hata kama kwa mbali yaonekana mazima. Breki za zamani zataka hadhari zaidi. Bitana nyingi za breki za miaka ile zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake likivutwa puani huweza kuleta maradhi ya mapafu baada ya miaka mingi. Uingereza ilikataza kabisa matumizi yake mwaka 1999. Kwa hiyo vumbi la breki kuukuu halipulizwi kwa kinywa, wala halipigwi msasa likiwa kavu. Bitana yenyewe hutolewa kwa uangalifu na kutiwa mpya. Rangi za zamani nazo mara nyingi zina risasi ndani yake, nayo ni sumu. Husuguliwa kwa msasa uliolowa maji. Na petroli haimiminwi kamwe ndani ya kibanda kilichofungwa, wala karibu na moto.

Hayo yote yakiisha, ndipo kopo la rangi linapofunguliwa. Hata hapo mzee husita. Je, kila alama ya kale ifutwe? Wako wanaotaka chombo king'ae kama kilivyotoka kiwandani. Wako wengine wanaoacha mikwaruzo iliyo salama na rangi ya kwanza palipobaki, wakisema kwamba chombo chaweza kufanywa kipya mara nyingi, bali rangi yake ya kwanza ikiisha kusuguliwa hairudi tena. Pande zote mbili wana haki yao. Ila hakuna upande unaoruhusu kuficha ufa.

Mwisho huja siku ya kuiwasha. Tuseme mzee ana mjukuu aliyekuwa akimshikia taa nyakati za jioni, katika miezi ya baridi ambayo jua la Uingereza huzama kabla ya saa kumi na moja. Wanaisukuma nje pamoja. Mara ya kwanza haiwaki. Mara ya pili hukohoa. Mara ya tano au ya sita hutoa moshi wa buluu, halafu hunguruma kwa sauti nyembamba isiyosikika tangu kabla ya baba yake mtoto kuzaliwa. Jirani hutoka milangoni, hata wale waliocheka. Lakini kabla mtoto hajaruhusiwa kupanda, babu yake huiendesha kwanza yeye mwenyewe, polepole, mahali tambarare, akajaribu breki mara kumi.

Huenda ninyi wanafunzi hamtaiona Corgi maisha yenu yote, wala si lazima. Lakini kila mmoja wenu atatengeneza kitu, awe fundi au mkulima, mshonaji au mwalimu. Siku hiyo kopo la rangi litakuwa karibu na mkono wako, na watu watakuwa wakingoja kuona. Kumbuka mzee yule anayeuzungusha mhimili kwa upana wa ukucha, na kumbuka mkono wa mtoto wa dada yangu. Tafuta ufa kwanza, huku chuma kingali kitupu.