Mwanafizikia Kunukuliwa Mara Nyingi: Maana Yake Nini?



Kijana anapopata nafasi ya kwenda kusoma fizikia nje, wazee wake hulitafuta kwenye simu jina la profesa atakayemsimamia. Tuseme wamekuta imeandikwa: makala 900, amenukuliwa mara 60,000. Nyumba nzima inafurahi. Lakini kabla mtoto hajafunga safari ya miaka minne au mitano kwa ajili ya hesabu hiyo, ni vyema kujua kinachohesabiwa hapo ni kitu gani.

Mtafiti akiandika makala, mwishoni huorodhesha kazi za wenzake alizozitegemea au kuzijadili. Kila orodha inayoitaja kazi yako, wewe umenukuliwa mara moja. Haiangaliwi kama umetajwa kwa kukubaliwa au kwa kupingwa. Sisi tuliozoea mambo ya sanad hili halitupi tabu: anayeitaja riwaya ili abainishe kuwa ni dhaifu, naye pia ameitaja.

Mfano ni tangazo la Septemba 2011. Watafiti wa jaribio la OPERA walisema chembe ziitwazo nyutrino, zilizotoka CERN hadi Gran Sasso nchini Italia, masafa ya kiasi cha kilomita 730, zilifika kabla ya wakati ambao mwanga ungefika. Ndani ya miezi michache kazi hiyo ilinukuliwa mara nyingi mno. Mwaka 2012 ikabainika kwamba waya mmoja haukuwa umekazwa vizuri. Matokeo yakaporomoka, hesabu ya kunukuliwa ikabaki pale pale.

Kinyume chake ni Steven Weinberg, Mmarekani. Mwaka 1967 alichapisha makala ya kurasa tatu tu, akieleza jinsi nguvu ya umeme na sumaku inavyoungana na ile nguvu dhaifu inayofanya baadhi ya atomu zioze. Miaka mitatu na zaidi ikapita, karibu hakuna aliyeitaja. Si kwamba watu walikuwa wajinga. Hesabu zake zilikuwa hazijathibitishwa kuwa zinakwenda bila ya kutoa majibu yasiyo na maana. Mwaka 1971 kijana wa Kiholanzi, Gerard ’t Hooft, akiwa bado mwanafunzi, akaonesha kwamba zinakwenda. Mwaka 1973 majaribio ya CERN yakaona dalili ambayo nadharia ile iliitabiri. Hapo ndipo kila mtu akaanza kuinukuu, na leo imepita mara 10,000. Makala ni ile ile, halikuongezwa neno. Mtu aliyempima Weinberg kwa hesabu ya mwaka 1969 angeliiona makala hiyo ni kazi bure.

Tena kuna suala la wingi wa makala, na katika fizikia ya chembe hapa ndipo watu wanapopotea khasa. Mitambo ya CERN haiendeshwi na mtu mmoja. Mwaka 2015 makundi mawili, ATLAS na CMS, yalitoa kwa pamoja makala ya kupima uzito wa chembe ya Higgs. Waandishi wake ni 5,154. Makala yenyewe na marejeo yake ni kurasa 9, majina na taasisi zao kurasa 24! Majina hupangwa kwa alfabeti, kwa hiyo wa kwanza si lazima awe mkubwa wao. Kila mmoja katika hao anahesabiwa makala hiyo kamili, pamoja na kunukuliwa kwake kote. Hakuna udanganyifu hapo, kwani mashine ile haijengwi bila wao. Ila makala 900 za namna hiyo hazikuambii yeye binafsi alifanya nini.

Na Peter Higgs mwenyewe, ambaye chembe hiyo imepewa jina lake? Baada ya kazi yake ya mwaka 1964 alichapisha makala chache sana. Mwaka 2013, alipopewa Tuzo ya Nobel pamoja na François Englert, alisema kwa vipimo vya siku hizi asingepata kazi chuo kikuu.

Mtakutana pia na kipimo kiitwacho h, kilichopendekezwa na Jorge Hirsch mwaka 2005. Mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Kinazuia makala moja mashuhuri isiibebe hesabu nzima, lakini hakiwatenganishi wale 5,154.

Basi mzazi afanye nini? Tovuti ya INSPIRE ni bure, na fizikia ya chembe karibu yote imo. Andikeni jina la profesa, ondoeni pale anapojinukuu mwenyewe (kuna sehemu ya kubonyeza), kisha tafuteni makala zenye waandishi wawili, watatu au wanne. Hizo ndizo kijana aanze kuzisoma. Kisha amwandikie profesa kwa adabu, amuulize: katika kazi za kundi kubwa, wewe ulishika sehemu gani? Na wanafunzi wako waliomaliza, sasa wako wapi?

Wa-Allaahu A‘lam.